Mbu wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Hakuna mtu Gachoka nzima anayezijua habari za mbu kama mimi. Ukiondoa mbu wenyewe, bila shaka. Na daktari mmoja mwanamke kutoka Embu mjini. Na msichana wa gredi ya sita aitwaye Kanana, ambaye anazijua kuliko alivyotaka kuzijua. Basi hadithi hii ni yake.

Kanana alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Siku zake zilianza shambani, alfajiri, akiwa na mfuko umefungwa kiunoni. Kwao walilima muguka, yale majani ya kutafunwa yanayouzwa mabichi kama miraa, na muguka hausubiri mtoto anawe uso. Machipukizi huchumwa yakiwa bado na umande, yakatiwa kwenye magunia, yakafika barabarani kabla pikapu ya mnunuzi haijapiga honi mara ya pili. Akimaliza hapo alikunywa uji, akamfunga mdogo wake vifungo vya shati, kisha akakimbia shule. Mdogo wake aliitwa Munene, maana yake mkubwa. Alikuwa na miaka minne, na akisimama karibu na jogoo ilibidi uangalie mara mbili ujue ni nani anayemfukuza mwenziwe.

Mwaka huo jua lilikuwa kali. Miti ya muguka ya majirani ilisimama kama mifagio, lakini ya Ishmael, baba yake Kanana, ilichipuka kila wiki. Watu walisema ana mkono wa baraka. Ukweli ni kwamba alikuwa na bwawa.

Alilichimba mwenyewe nyuma ya nyumba kwa jembe na sepetu, akalitandika nailoni nyeusi, likajaa maji wakati wa mvua. Halafu akalifunika kwa mabati makuukuu na matawi makavu, ili mtu akipita aone rundo la takataka tu. Alilificha kwa sababu pale pikapu zinapopakia mtu mmoja alisema kwamba watu wa afya wanazunguka wakifukia mabwawa yote. Hakusema amesikia wapi. Ishmael hakuuliza. Habari mbaya ikimhusu, aliiamini kabla haijamalizika.

"Ukiulizwa," alimwambia Kanana, "sisi maji tunachota mtoni."

"Lakini baba, mto umekauka."

"Basi sema tulichota zamani."

Kanana hakulipenda lile bwawa. Mchana, kila mahali pakiwa kimya kwa joto, ungesimama karibu na yale mabati ukasikia sauti nyembamba chini yake, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Kuku hawakwenda upande ule. Akitumwa kuteka maji huko, aliinua bati moja, akachovya ndoo, akakimbia bila kuangalia nyuma.

Mwezi wa sita homa iliingia nyumba za chini, zile zilizo upande wa mteremko. Haikuingia kwa kelele. Leo mtoto mmoja hakuja shule, kesho wakawa wawili. Jambo la kutisha ni kwamba watu walikuwa na neti, na walilala ndani yake. Purity, jirani yao wa karibu, alikuwa akiichomeka neti chini ya godoro kila jioni kama mtu anayefunga barua ya muhimu. Hata hivyo mtoto wake wa miezi minane alizikwa Jumamosi moja saa nne asubuhi, na jeneza lake lilibebwa na mtu mmoja.

Baada ya mazishi hayo ndipo Daktari Halimah alipokuja shuleni.

Alikuwa kijana bado, mwenye hijabu ya kijani na viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Alizaliwa na kukulia mtaa wa Dallas, Embu mjini, na alizungumza kama mtu anayewaheshimu watoto. Alisimama mbele ya gredi ya sita akiwa ameshika kichupa chenye mbu mmoja aliyekufa.

"Ndani ya huyu mna kitabu," alisema. "Hata ndani yenu mna kitabu, na ndani ya ndengu mlizokula jana. Kila kiumbe kina chake. Cha mbu kimeandikwa kwa herufi nne tu, zikapangwa na kurudiwarudiwa zaidi ya mara milioni mia mbili. Kitabu hicho chote tunakiita jenomu."

"Na nani ana macho ya kukisoma?" aliuliza Shukri. Huyu alikuwa rafiki yake Kanana, binti ya Suleiman mwenye bucha.

Daktari akatoa mfukoni kimashine kinachotoshana na stapla ya mwalimu. Darasa zima likainuka kwenye viti.

"Hiki hapa. Mbu hana ulimi, lakini tukimsoma atatuambia mengi. Atasema ni wa ukoo gani, maana kuna mbu wanaofanana kama pacha na mmoja tu ndiye hatari. Atasema damu iliyo tumboni mwake ni ya mtu au ya mnyama. Atasema kama dawa ya neti bado inamuua, au mwili wake umebadilika na sasa anaikalia kama sisi tunavyokalia mkeka. Na tukisoma wengi wa nyumba moja, tutajua kama ni ndugu. Wakiwa ndugu, basi walizaliwa karibu, kwenye maji yaleyale."

Kanana aliacha kuandika.

"Nataka wanafunzi sita wenye mwandiko mzuri," Daktari aliendelea. "Kila mmoja atatega mbu nyumbani kwake siku tano. Atasimama kwa niaba ya majirani zake."

Mwalimu alichagua watano kutoka nyumba za juu. Kutoka nyumba za chini, yaani namba kumi hadi ishirini, alichagua mmoja tu, kwa kuwa wengine walikuwa wagonjwa. Namba kumi na nne. Kanana. Wenzake walimpigia makofi, naye akatabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.

Mtego ulikuwa kopo la plastiki lenye taa ndogo, feni ndogo na mfuko wa kitambaa chini yake. Kanana aliutundika kando ya kitanda alicholala pamoja na Munene. Asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma, akaushusha.

Mfuko ulikuwa mzito. Alidhani macho yanamdanganya kwa usingizi, akaupeleka mlangoni penye mwanga. Ulikuwa mweusi. Ulitikisika wenyewe mkononi mwake, na ndani yake ile sauti nyembamba aliyoizoea kule kwenye mabati ilikuwa imejaa, inasukuma kitambaa ikitaka kutoka. Hawakuwa kumi wala hamsini. Kanana aligeuka akamtazama Munene ndani ya neti. Pale mkono wake ulipoegemea wavu palikuwa na madoa mengi madogo, na juu ya wavu ule wenye dawa alikaa mbu mmoja ametulia, tumbo jekundu, miguu ya nyuma juu. Hakuwa anakufa. Alikuwa anapumzika.

Mtoto mwingine angeita mama. Kanana alimfikiria baba, na bwawa, na watu wa afya wakija na sepetu. Aliingia jikoni, akautikisa ule mfuko juu ya moto. Mbu wakalia pa-pa-pa kama chumvi.

"Kuna nini kinanuka?" mama yake, Makandi, aliuliza kutoka nje.

"Ni nywele, mama. Zimeungua kidogo."

Makandi akaingia, akamtazama kichwani, hakuona upungufu, akaenda zake.

Lakini kichupa kilitakiwa kiwe na mbu. Kwa hiyo Kanana, badala ya kwenda shule moja kwa moja, alipitia nyuma ya bucha ya Suleiman. Pale palikuwa na banda la mbuzi wanaongoja kuchinjwa, na kwenye ukuta wake, asubuhi, mbu waliokunywa wakashiba walikaa wakiwa hawawezi hata kuruka. Ungewafunika kwa kikombe mmoja mmoja, kama kuokota maharagwe.

"Ati unataka mbu wetu?" Shukri alishangaa. "Wa kwenu wamegoma?"

"Wameenda likizo."

"Aki wewe Kanana! Haya chukua, ni wa bure. Ukitaka na kupe nikuongezee."

"Usimwambie mtu."

Shukri alimwangalia, na kicheko kikampungua. "Kwani kuna shida gani kwenu?"

"Hakuna. Ni wachache tu, na mimi nataka kichupa changu kijae."

Siku tano mfululizo mambo yakawa yaleyale: mfuko mweusi motoni, kikombe ukutani, na mwandiko mzuri kwenye kichupa: Nyumba Namba 14. Siku ya tano mwalimu alimsifu kwa unadhifu. Sijawahi kuona uongo ulioandikwa vizuri hivyo, na mimi nimesoma barua nyingi za watu wanaokopa.

Wiki tatu zikapita. Homa ikanyamaza kidogo, kama paka aliye nyuma ya mlango. Halafu Daktari Halimah akarudi na karatasi zake, na wazazi wakaitwa.

"Mbu wa nyumba za juu wamebadilika," alisema. "Dawa ya neti za zamani haiwaui tena. Tumeleta neti mpya zenye dawa mbili, lakini ni chache, tutaanza kwa hao. Nyumba za chini, kwa kuwa homa imepungua, zinaweza kungoja mwezi mmoja. Mbu wa huko ni wa ukoo mwingine, na wote wamekunywa damu ya mbuzi."

Purity alisimama pale nyuma, na kitenge chake cheusi. Alikuwa na mtoto mwingine wa miaka miwili mgongoni. "Namshukuru Mungu," alisema. Akamwendea Kanana, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Na wewe asante, mwanangu. Kumbe mbu wetu wanataka mbuzi tu. Sasa nitalala."

Kanana alitamani mkono ule umwachie.

Daktari alimwita kando. "Kanana, karatasi niliyojaza mwanzoni inasema kwenu hamna mifugo ila kuku. Mnafuga mbuzi?"

"Ndiyo, Daktari." Neno likatoka lenyewe. "Wawili. Tulinunua juzi."

Daktari akaandika. Shukri, aliyesimama hatua mbili kutoka hapo, akainama akaanza kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Siku ya nne baada ya hapo, saa nane mchana, mwalimu alimwita Kanana kutoka darasani. Alipofika nyumbani alikuta mlango wazi na uji umemwagika. Munene alikuwa mapajani mwa mama, macho yamegeuka juu, mwili wake mdogo unajinyonga na kutetemeka kwa degedege. Alipowekewa mkono kwenye paji la uso, uliungua kama uliogusa sufuria. Makandi hakulia. Alimfunga mgongoni, akapanda bodaboda, na neno la mwisho ambalo Kanana alilisikia lilikuwa, "Twende Embu hospitali, na usisimame popote."

Ishmael alibaki ameshika shati la Munene. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akaenda akakaa shambani katikati ya muguka wake wa kijani, na hakuchuma hata jani. Jioni Kanana alimpelekea chai. Pale walipokaa waliisikia ile sauti, chini ya mabati, ikiimba kama kwamba hakuna lililotokea. Wote wawili waliisikia.

Asubuhi ya pili habari zikaja kwa simu: Munene hajafungua macho. Na mtoto wa Purity ameanza kutapika.

Kanana hakuenda kuchuma. Hakwenda shule pia. Alikwenda zahanati, ambako Daktari Halimah alikuwa amepewa chumba kimoja na meza. Alimkuta akiandika namba kwenye vichupa.

"Daktari, hatuna mbuzi."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Hatujawahi kuwa nao. Wale mbu ni wa banda la baba yake Shukri. Wa kwetu niliwachoma. Walikuwa wengi, Daktari, mfuko mzima, na hawakuwa wanakufa kwenye neti. Niliona kwa macho yangu." Sasa machozi yalikuwa yakimfikia mdomoni lakini hakunyamaza. "Munene yuko Embu. Na mtoto wa mama Purity. Na nyumba zetu ulisema zingoje."

Daktari alikifunga kichupa alichokuwa akikiandika, akakisogeza kando. Pengine Kanana angefurahi kama angepigiwa kelele.

"Nilishangaa," mwishowe alisema, taratibu. "Hata kwa wenye mbuzi, mbu huonja huku na huku. Wa kwenu walikuwa na damu ya mbuzi tupu. Nikajiambia, hawa watu wanalala na neti vizuri ajabu. Ningekuja kuangalia hao mbuzi wawili. Sikuja. Hilo ni kosa langu, nitalibeba mimi." Akainuka, akaita dereva. "Neti zilizobaki zote, nyumba ya kumi mpaka ya ishirini. Leo, kabla ya giza. Na watoto wote wa huko wapimwe damu, hata anayecheza. Siwezi kungoja mashine." Kisha akamgeukia Kanana. "Na wewe utatega tena. Safari hii uniletee wa kwenu."

"Utaniamini?"

"Nitakufundisha niweze kukuamini. Utaniita nije nione mfuko kabla hujaufungua."

Ile jioni neti mpya zilitundikwa nyumba zote za chini, na asubuhi yake Daktari akauona mfuko wa Kanana kabla haujafunguliwa. Mtoto wa Purity alipimwa akapewa dawa mapema, na kesho yake akaomba ndizi. Siku ya tatu simu ikalia: Munene amefungua macho, amemuuliza nesi kama jogoo amekula. Ishmael alipoisikia habari hiyo aliketi chini palepale barabarani, na pikapu ya muguka ikampigia honi mpaka dereva akachoka.

Lakini kuna jambo moja ambalo Kanana hakulisema kule zahanati. Alisema kuhusu mbuzi, hakusema kuhusu bwawa. Bwawa lilikuwa la baba.

Jumamosi, Munene akiwa amerudi, amekonda mpaka masikio yake yanaonekana makubwa kuliko jina lake, Daktari Halimah alituma ujumbe kwamba anakuja nyumbani na majibu.

"Baba," Kanana alisema akiwa anafagia uwanja, "akiniuliza kuhusu maji, nitamwambia."

Ishmael alikuwa akitupa matawi mengine juu ya mabati. "Basi hutaulizwa. Nitajibu mimi."

"Baba, Munene..."

"Munene amepona. Wakifukia lile bwawa atakula nini? Majani makavu? Fagia."

Daktari alifika saa tano, akakaribishwa chai. Makandi alikaa kwenye kigoda na Munene mapajani. Purity naye alikuja, na mtoto wake, akakaa kimya ukutani. Kanana alikuwa ameshakwenda kwake siku mbili kabla, akamweleza yote akiwa amepiga magoti. Purity alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho, akamwinua, akamwambia aende nyumbani. Hakumshika mkono.

"Tumesoma mbu ishirini wa hapa," Daktari alianza. "Ni wa ule ukoo mbaya. Damu waliyokunywa ni ya watu. Na miili yao imebadilika, dawa ya neti za zamani kwao ni kama manukato. Kama tungepata majibu haya wakati ule, nyumba hizi zingekuwa za kwanza kupata neti." Alimtazama Kanana, lakini sauti yake haikuwa ya kuchapa. "Kumbuka hivi, mwanangu. Mashine yangu haijui kukasirika wala kushuku. Husoma kile inachopewa. Ukiipa ukweli, inausoma herufi kwa herufi. Ukiipa uongo, inausoma kwa umakini uleule, na mimi nausimamia mbele ya watu na kuusema kwa sauti. Uongo wako mmoja ulipita kinywani mwangu ukamwambia mama Purity alale. Ndiyo maana kazi ya afya haiwezi kufanywa na mtu anayeogopa kusema alichokiona."

"Ndiyo, Daktari," Kanana alinong'ona.

"Umekosea, na umerudi kusema mwenyewe. Kuna watu wazima ambao hawajafika hapo." Akageuza karatasi. "Sasa kuna hili la mwisho. Kati ya ishirini, kumi na tisa ni ndugu. Ni kama wametoka kwa mama wawili au watatu tu. Mbu hawa hawakusafiri. Walizaliwa hapa, si mbali na kitanda cha huyu mtoto. Baba Kanana, kuna maji yaliyotuama karibu?"

"Maji!" Ishmael alicheka, kicheko kikavu. "Daktari, hapa maji tunayasikia redioni tu. Kanana, hebu nenda ukaangalie kuku."

Kanana hakusogea. Alifungua kinywa, lakini baba yake akawahi.

"Naapa. Hata ya kuzamisha kifaranga hakuna."

"Haya," Daktari alisema. Hakuonekana kubishana. Alimaliza chai yake, akafungua begi, akatoa mkebe mweupe. "Basi hii nitaipeleka kwingine. Nilidhani mnayo maji, nikawaletea. Ni dawa ya mabwawa. Inaua viluwiluwi vya mbu peke yake. Haidhuru mtu, wala kuku, wala muguka. Unatia kila wiki kulingana na ukubwa wa bwawa. Ni bure."

Ishmael aliangalia ule mkebe. "Na... bwawa lenyewe? Hamlifukii?"

"Nani afukie? Na jua hili? Hatujawahi kufukia bwawa la mtu hata moja. Nani amekwambia hivyo?"

Kutoka nyuma ya nyumba, kwa kuwa hata kuku walikuwa wamenyamaza, ile sauti nyembamba ilisikika. Purity aliinua kichwa.

Daktari akaanza kufunga begi. Ishmael akakohoa.

"Daktari. Hiyo dawa... hebu niachie kidogo. Si yangu. Ni ya jirani."

"Jirani yupi?"

"Huyu wa... kule." Mkono wake ukaonyesha upande ambao kulikuwa na jiwe na mbuyu wa mtu mwingine, lakini nyumba hakuna. "Nasikia ana kibwawa."

"Kina ukubwa gani? Nisimpe dawa ikampungukia."

"Hatua kumi na mbili kwa saba," Ishmael akajibu upesi, kama mtoto anayejua jibu.

Daktari akaandika. "Na kina chake?"

"Linanifika hapa."

Mkono ulikuwa umekwisha kwenda. Ulikuwa kifuani pake, chini kidogo ya kola, umelala sawasawa pale maji yanapoishia. Ishmael aliutazama kana kwamba umeletwa na mtu mwingine.

Hakuna aliyecheka. Makandi alimvuta Munene karibu zaidi, akauangalia ule mkono, kisha akamwangalia mumewe usoni.

"Na huyo jirani yako, Baba Kanana," alimuuliza polepole, "ana mtoto anayeitwa nani?"